Ndege ni ya Nani? Ni ya Yule Awezaye Kuitengeneza

Katika sherehe za taifa, ndege za kivita zipitapo juu ya uwanja kwa ngurumo, wananchi huinua macho na kupiga vigelegele. Sifa zote humwendea rubani. Nasi twakubali kwamba rubani anastahili sifa zake, maana kazi yake yataka moyo. Lakini mbali na uwanja wa sherehe wamo watu walioamka saa tisa za usiku, mikono yao imejaa grisi, nao huisikiliza ngurumo hiyo kwa sikio la namna nyingine. Wananchi husikia fahari. Wao husikiliza kama injini inalia sawasawa.

Sisi tuandikao maneno haya tulikuwa miongoni mwa watu hao. Tulikuwa mafundi wa ndege za kivita. Hatukuruka; tulibaki chini na spana zetu. Hatuji hapa kutoa siri za jeshi, wala hatuna siri ya kutoa, kwa kuwa ndege tulizozihudumia siku zile ni za kizazi kilichopita, na habari zake zimechapishwa katika vitabu vya dunia nzima. Wala hatuji kuomba kusifiwa. Tumekuja na jambo moja ambalo twaona limeanza kusahauliwa, nalo ni hili: ndege haiwi mali ya taifa kwa sababu imepakwa rangi za bendera ya taifa. Huwa mali yetu siku ile mtoto wa nchi hii awezapo kuifungua, kuifunga, na kutia sahihi yake kwamba iko tayari kuruka.

TULIKOTOKA

Ndugu zetu vijana yafaa wajue tulianzia wapi. Tanganyika ilipojitawala tarehe 9 Desemba 1961 haikuwa na jeshi la anga hata kidogo. Mkoloni alituachia askari wa miguu, na juu yao maafisa wa Kiingereza. Januari 1964 askari hao waliasi, na Serikali ya nchi huru ikalazimika kuwaita askari wa Uingereza waje kuwanyang'anya silaha. Ilikuwa fedheha kubwa, na Mwalimu Nyerere hakuficha kwamba ilikuwa fedheha. Ndipo jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka ule ule likazaliwa Jeshi la Wananchi.

Jeshi jipya lilitaka mabawa. Wa kwanza kutusaidia walikuwa Wajerumani wa Magharibi. Hawakukaa. Mapema mwaka 1965 Serikali yetu ilikubali Ujerumani ya Mashariki iwe na konseli mjini Dar es Salaam. Bonn ikakasirika, ikawaondoa wakufunzi wake wa kijeshi. Mwalimu hakukubali kuchaguliwa marafiki, akawaambia wachukue na misaada yao mingine ya kiserikali. Wakaja Wakanada, wakakaa tangu mwaka 1965 hadi 1970. Walitufundisha vizuri, wakatuletea ndege za uchukuzi za Caribou na Otter. Baada yao wakaja Wachina, ambao siku zile zile walikuwa wakijenga pamoja nasi reli ya TAZARA. Hao ndio waliotupa ndege za kivita za jeti, za ukoo wa MiG, zilizoundwa katika viwanda vyao: F-5, F-6, na baadaye F-7.

Hesabuni, ndugu. Katika muda usiofika miaka kumi, walimu wa namna tatu, na lugha za namna tatu. Hata vifaa havikuwa vya kipimo kimoja. Ndege za Kanada zimefungwa kwa nati za inchi. Ndege za China zimefungwa kwa nati za milimita. Spana ya inchi haiishiki nati ya milimita. Ukiilazimisha, utakula pembe za nati, na nati iliyokwisha kuliwa pembe ndani ya injini ni balaa la mchana kutwa. Fundi aliyejifunza kwa Mkanada alibidi aweke chini sanduku lake lote la vifaa na kuanza upya kwa Mchina.

Tulipata somo letu la kwanza la siasa pale pale, katika sanduku la spana. Aliyekupa ndege ndiye aliyekuchagulia spana. Akigombana na Serikali yako leo jioni, kesho asubuhi hakuna wa kukuletea nyingine.

KAZI YENYEWE

Watu wengi hudhani ndege ya kivita ni kama gari: tia mafuta, washa, nenda zako. Wangekuja Ngerengere wangeona.

Ngerengere iko katika Mkoa wa Morogoro, kandokando ya Reli ya Kati, katika nchi ya mkonge na ya joto. Joto la pale laanza mapema. Ikifika saa nne asubuhi bati la ndege huunguza kiganja, na ukisahau spana juu ya bawa kwa nusu saa hutaishika bila kitambaa. Kwa hiyo kazi yetu ilianza gizani.

Kazi ya kwanza haikuwa ya ndege, ilikuwa ya kuokota mawe. Tulijipanga mstari mmoja, bega kwa bega, tukatembea juu ya njia ya kurukia macho yakiwa chini. Aliyeona kokoto akaiokota. Aliyeona msumari, au waya, au kipande cha nati, akakiokota na kukileta. Ndege hizi huvuta hewa kwa puani, na kila kilicho mbele ya pua huingia pamoja na hewa. Ndani yake mna mapanga madogo madogo, safu baada ya safu, yazungukayo zaidi ya mara elfu kumi kwa dakika moja. Kokoto ya ukubwa wa punje ya mahindi yaweza kuvunja panga moja. Panga moja likivunjika huvunja la pili. Na injini ya thamani kubwa hugeuka chuma chakavu kabla mtu hajamaliza kusema lo! Ndiyo maana fundi hakuingia kazini na kofia isiyofungwa, wala kalamu mfukoni, wala sarafu. Na aliyesimama mbele ya pua ya ndege inayowashwa alikuwa ameusimamia mlango wa kaburi lake.

Baada ya hapo tulifunua maturubai. Mmoja alifungua kilango cha chini cha tangi akakinga mafuta kidogo katika chupa nyeupe, akaiinua mbele ya taa. Mafuta ya jeti ni jamaa ya mafuta ya taa, na maji yakiwamo hukaa chini ya chupa. Usiku wa baridi baada ya siku ya joto huzaa maji ndani ya tangi, kama umande. Mwingine alikagua matairi, mwingine alipima hewa ya breki, kwa kuwa breki za ndege hizi husukumwa kwa hewa iliyoshindiliwa katika mitungi. Hewa ikivuja, rubani hana breki. Mwingine alikunja parashuti ya nyuma, ile ambayo F-6 huifungua ikitua ili ipunguze mbio. Kuikunja ni kazi ya subira. Mkunjo mmoja ukikaa vibaya parashuti haifunguki, na ndege itaimaliza njia ya kurukia na kuingia porini.

Kisha kiti cha rubani. Kiti hicho kina baruti chini yake. Ajali ikitokea humrusha rubani nje ya ndege. Ndege ikiwa chini, baruti hiyo huzuiwa na pini zenye vitambaa vyekundu. Fundi huzihesabu pini hizo akiingia na akitoka. Kabla ya kuruka huzitoa, akamwonyesha rubani kwa mkono ili azihesabu yeye mwenyewe kwa macho yake. Ikisahauliwa pini ndani, rubani atakapohitaji kuokoka hataokoka. Ikitolewa kabla ya wakati, fundi aweza kurushwa hadi kwenye dari la karakana. Kwa hiyo hatukuhesabu pini hizo kwa mazoea. Tulizihesabu kama mama ahesabuvyo watoto wake baada ya kuvuka mto.

Hata kubuni walibuni hao walioziunda. Katika F-5, bunduki zote za puani, kubwa moja na ndogo mbili, zimewekwa juu ya sinia moja literemkalo kwa kamba ya chuma. Fundi aweza kuzishusha zote pamoja, kuzisafisha, kuzijaza na kuzipandisha. Na injini ikitakiwa kutolewa, haitolewi kwa ubavuni. Mkia mzima hufunguliwa, hukokotwa nyuma kwa kigari, na injini hubaki wazi kama mhindi uliomenywa. Mara ya kwanza kuliona jambo hilo tulistaajabu. Ndege ile tuliyoiogopa kumbe ilikuwa nati, bomba na waya, kitu cha kufungwa na kufunguliwa na mikono ya watu. Siku hiyo hofu ilitutoka, na hofu ikimtoka fundi ndipo anapoanza kujifunza.

Lakini urahisi wa kufungua si urahisi wa kutunza. F-6 ina injini mbili, na injini zake hazina maisha marefu: baada ya takriban saa 100 za kuruka zilihitaji kufumuliwa zote na kuundwa upya. Piga hesabu. Ndege ikiruka saa moja kwa siku, siku tano kwa juma, basi majuma ishirini yamekwisha, na injini mbili zataka kutolewa. Kwa ndege kumi, injini ishirini. Na kama ufumuaji mkubwa hufanyika ng'ambo, injini hizo zitapakiwa masandukuni, zitavuka bahari, zitangoja zamu, zitarudi. Wakati huo wote ndege imesimama kivulini kama jogoo aliyekatwa mabawa, nayo katika vitabu vya dunia yahesabiwa kuwa ndege ya kivita ya Tanzania!

SAHIHI

Kila ndege ilikuwa na kitabu chake. Fundi wa injini alitia sahihi ya injini. Wa umeme, ya umeme. Wa silaha, ya silaha. Mwisho mkubwa wa zamu alitia sahihi ya ndege nzima, ndipo rubani naye akatia yake. Toka hapo maisha ya rubani yalikuwa juu ya kalamu zetu.

Twataka vijana waelewe uzito wa jambo hili. Katika ofisi nyingi sahihi ni mkwaruzo wa wino tu. Mtu hutia sahihi jambo asilolisoma, mambo yakiharibika faili likapotea. Kwa fundi wa ndege haikuwa hivyo. Aliyetia sahihi alisimama kando ya njia ya kurukia akaitazama ndege yake ikiondoka, na hakuketi hata iliporudi. Haikujalisha cheo. Koplo aliyesema ndege hii mbovu, ndege ilibaki chini, hata kama rubani ni meja na wageni wamekwisha kufika kutazama. Katika nchi ambayo kwa miaka mingi Mwafrika alifundishwa kusema "ndiyo, bwana," hapa palikuwa na mahali ambapo kijana wa mkulima aliruhusiwa, na tena aliamriwa, kusema "hapana." Kwetu sisi huo nao ulikuwa Uhuru.

Walimu wetu Wachina walilikazia sana jambo hilo. Wengine wetu walifundishwa China, wengine hapa hapa nyumbani. Vitabu vilikuwa vya Kichina. Mkalimani aligeuza maneno, nasi tukaandika katika daftari kwa Kiswahili tulichokitunga wenyewe pale pale mezani. Pua, mkia, mapafu ya injini, mwavuli wa nyuma: kila kitu kilipata jina. Daftari zile zilikuwa vitabu vya kwanza vya Kiswahili vya ndege za jeti, ingawa hakuna aliyezichapisha.

UWEZO TULIKUWA NAO WAPI?

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera. Tarehe 2 Novemba Mwalimu alilihutubia taifa, na kila Mtanzania wa umri wetu anayakumbuka mambo matatu aliyoyataja: sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo, na uwezo tunao. Wananchi wengi walishangilia neno nia. Sisi mafundi tulitazamana kwa sababu ya neno uwezo. Sababu ilikuwa imeletwa na adui mwenyewe. Nia ilikuwa mioyoni mwa watu. Lakini uwezo hauletwi na hotuba. Uwezo ni lori linalowaka, mzinga unaofyatuka, ndege iliyotiwa sahihi. Kama havikuandaliwa miaka mitano kabla, hotuba yaweza kuwa nzuri na nchi ikachukuliwa vilevile.

Ndege zetu zilihamia Mwanza. Mafundi walikwenda nazo, pamoja na masanduku, mitungi ya hewa, na mapipa. Hapo hapakuwa na karakana kama ya Ngerengere. Palikuwa na kiwanja, upepo wa ziwa, na kazi. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya, iliyotumwa kumsaidia Amin, ilikuja kuupiga mji wa Mwanza. Mabomu yalianguka katika kisiwa cha Saanane, yakaua wanyama wa hifadhi. Wananchi walicheka baadaye, nasi tulicheka. Lakini fundi ajua kwamba adui ajaye kwa anga aghalabu hutafuta kwanza ndege zilizosimama chini, na kando ya ndege iliyosimama chini amesimama yeye.

Mtazameni na Amin mwenyewe. Alikuwa na ndege za MiG-17 na MiG-21 kutoka Urusi, na watu walimwogopa kwa ajili hiyo. Julai 1976 Waisraeli walipoivamia Entebbe waliziteketeza ndege zake kadhaa pale pale uwanjani, bila hata moja kuruka. Vita vilipoanza, Warusi waliwaondoa washauri wao. Majeshi yetu yalipouteka uwanja wa Entebbe tarehe 7 Aprili 1979, jeshi la anga la Amin lilikuwa limekwisha kufa. Alinunua ndege, hakuwahi kuzimiliki.

SI SISI PEKE YETU

Somo hili si la Afrika Mashariki tu. Misri ilijenga jeshi kubwa la anga kwa ndege za Urusi. Mwaka 1972 Rais Sadat aliwafukuza washauri wa Kirusi, na Machi 1976 akauvunja mkataba wa urafiki kati ya nchi hizo mbili. Vipuri vikakoma. Taifa lile kubwa, lenye wahandisi wengi, likalazimika kubisha hodi China, nayo China ikawapa injini 30 za MiG. Rafiki wa jana alifunga mlango, ikabidi kutafuta rafiki mwingine mwenye spana za namna ile ile.

Lakini tazameni na Pakistani, kwa kuwa wao walipewa ndege ile ile tuliyopewa sisi, F-6, tangu katikati ya miaka ya 1960. Nao mwanzoni walizipeleka China kwa matengenezo makubwa. Hawakuridhika. Wakajenga kiwanda chao huko Kamra, na mwaka 1980 wakaanza kuzifumua na kuziunda upya nyumbani kwao. Hawakuishia hapo. Pahali palipoanza kwa kufungua nati za F-6, leo huundwa kwa ushirikiano na China ndege ya JF-17, ambayo iliruka mara ya kwanza mwaka 2003. Hakuna uganga. Walianza na spana, wakaendelea na vitabu, wakafika kwenye michoro.

Nasi tulionywa hata katika ndege za abiria. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilikuwa mali ya Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Lakini makao yake makuu na karakana zake kubwa zilikuwa Nairobi. Lilipovunjika mwanzoni mwa mwaka 1977, Tanzania iligundua kwamba ilikuwa na haki katika makaratasi, na wenzetu walikuwa na karakana. Machi mwaka huo tukaanza shirika letu kwa taabu. Na mwaka 2022, baadhi ya ndege mpya za shirika hilo aina ya Airbus A220 ziliposimama kwa sababu ya matatizo ya injini zilizoundwa ng'ambo, tulingoja tena. Twajua kwamba mashirika mengine duniani nayo yalipatwa na taabu ya injini hizo hizo. Lakini anayengoja akiwa na karakana yake hangoji sawa na anayengoja mikono mitupu. Wazee walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini.

WASEMAO HAIWEZEKANI

Wako ndugu watakaotujibu: Nchi yetu si tajiri. Ndege za siku hizi zimejaa kompyuta. Je, si nafuu kumlipa mgeni aje azitengeneze, na sisi tukajenga shule na zahanati?

Hoja hiyo twaiheshimu, maana shule na zahanati ni haki. Lakini hatuiafiki. Mgeni humlipa nani? Hulipwa kwa fedha za kigeni, mwaka hata mwaka, naye huondoka na ujuzi wake. Fundi wako humlipa kwa shilingi, na ujuzi wake hubaki. Ajuaye kutunza injini ya jeti hashindwi na mtambo wa umeme wa gesi, kwa kuwa mitambo hiyo ni nduguze injini ya jeti, nayo nchi yetu inayo. Hashindwi na pampu ya maji ya hospitali. Wengi wa wenzetu walipotoka jeshini walikwenda viwandani na katika karakana za miji, na popote walipokwenda mashine zilipata daktari. Hiyo nayo ni shule.

Na habari ya kompyuta, tukumbuke kwamba mwaka 1970 hata jeti yenyewe ilionekana kuwa muujiza. Vijana waliozaliwa katika nyumba zenye taa za kibatari waliifungua mkia, wakaifunga, ikaruka. Vijana wa leo, waliozaliwa na simu mkononi, watashindwa na nini?

TUNALOTAKA

Yatupasa basi tuseme wazi tunalotaka, maana kulalamika bila kutaka neno ni kelele.

Kwanza, taifa linaponunua ndege, ya kivita au ya abiria, mafunzo ya mafundi na vifaa vya karakana viwe ndani ya mkataba, si nyongeza ya baadaye. Kununua ndege bila hivyo ni kununua ng'ombe bila kujua kukamua.

Pili, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji mjini Dar es Salaam kinafundisha matengenezo ya ndege. Ni jambo jema sana. Kipewe walimu, injini za kufungulia, na wanafunzi hodari kutoka mikoa yote. Na wazazi waache kumwambia mtoto kwamba fundi ni yule aliyeshindwa shule.

Tatu, viandikwe vitabu vya ufundi kwa Kiswahili. Daftari zetu zilionyesha kwamba lugha haikushindwa. Kijana asome na Kiingereza na Kichina pia, kwa kuwa vitabu vya mwenye kuunda vina lugha yake. Lakini akielezwa kwa lugha yake mwenyewe hufahamu, hakariri.

Nne, na hili lina haraka kuliko yote: wazee waulizwe. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1973 sasa amepita 70. Wako vijijini, wanalima, wanakohoa, wengine hawasikii vizuri kwa sababu ya kelele za injini walizozihudumia bila vizibo vizuri vya masikio. Daftari zao ziko juu ya dari, zinaliwa na mchwa. Jeshi, vyuo vikuu, na makumbusho wapeleke watu wakawaandike kabla mavumbi hayajafunika. Yaliyo siri na yabaki siri. Lakini namna taifa lilivyojifunza kazi si siri, ni urithi. Kila mwezi tunazika mmoja. Na kila tunapozika, tunazika na majibu ya maswali ambayo vijana watayauliza baadaye, na hapo watalazimika kuyanunua ng'ambo kwa fedha nyingi.

Ndugu wanachama, tumezoea kuhesabu silaha zetu kwa idadi ya vyombo: ndege ngapi, vifaru vingapi, meli ngapi. Hesabu hiyo haitoshi. Tuulize swali jingine katika mikutano yetu, katika matawi yetu, na Bungeni: ni vingapi kati ya hivyo ambavyo mtoto wa Tanzania aweza kuvitia sahihi bila kumpigia simu mtu wa ng'ambo? Idadi hiyo, hata ikiwa ndogo, ndiyo nguvu yetu ya kweli. Iliyobaki ni mapambo ya sherehe.

Uhuru na Kazi.